Hela isiyokimbia: Warren Buffett alikuwa anasubiri kwa pesa ya nani?

Kila baada ya wiki mbili tatu lazima mtu anitumie ile picha ya Warren Buffett, yule mwekezaji bilionea wa Marekani, mzee mwenye miwani na kopo la Coca-Cola mkononi, chini yake wameandika nunua hisa, kaa nazo, vumilia, utajiri utakuja wenyewe. Kuna nyingine inasema anaishi nyumba ileile aliyonunua mwaka 1958 kwa dola 31,500, halafu inaishia hapo kana kwamba ukibana matumizi tu basi na we kesho bilionea. Nyumba ni kweli, bei ni kweli, na soda kweli anakunywa sana. Ila kuna kitu kimeachwa nje ya hizo picha zote na kwa maoni yangu ndo chenyewe hasa. Huyu mzee alikuwa anasubiri kwa hela ya nani?

Maana kusubiri kunagharimu jamani. Mi niliwahi kununua hisa kidogo nikaapa hizi siuzi mpaka mtoto amalize chuo, na nilikuwa namaanisha kabisa. Januari ikafika, ada hiyo, kodi ya nyumba ya miezi sita hiyo, gari nalo likachagua wiki hiyohiyo kufa giaboksi, nikauza zote kwa bei ya kutupa. Uvumilivu nilikuwa nao hadi siku ya mwisho, hela ndo iliniishia. Kwa hiyo mtu akiniambia Buffett kafanikiwa kwa sababu ni mvumilivu namuelewa, lakini najiuliza giaboksi lake lilikuwa linatengenezwa na nani.

Tuanze na hesabu yenyewe kwanza ili tujue tunaongelea nini. Tangu alipoishika kampuni ya Berkshire Hathaway mwaka 1965 mpaka mwisho wa 2024, hisa ya kampuni hiyo ilipanda kwa wastani wa asilimia 19.9 kila mwaka. Kampuni 500 kubwa za Marekani ukizichukua zote kwa pamoja, na gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) ukalihesabu humo, zilipanda asilimia 10.4. Ukisikia hivyo unaona jamaa kalipita soko kama mara mbili hivi, sawa, hongera yake. Sasa ipe miaka 60. Dola 100 iliyokaa upande wa soko imekuwa kama dola 39,000, iliyokaa kwa Buffett imekuwa dola milioni 5 na nusu. Faida inayozaa juu ya faida ndivyo ilivyo, mwanzoni inakera kwa uvivu, yani kwa asilimia 20 miaka 10 ya kwanza hela inakuwa mara 6 tu, miaka 30 inakuwa mara 237, miaka 60 ni zaidi ya mara 56,000. Karibu mzigo wote uko mwishoni. Maana yake ni kwamba mtu aliyetolewa mchezoni mwaka wa 12, hata kama alikuwa na akili kuliko wote, hakupata kitu cha kusimulia, na sababu za kutolewa ni zilezile siku zote: umekopa na mwenye deni anataka chake, au hela ni ya watu na watu wameogopa, au shida imekukuta na huna akiba nyingine.

Buffett alilijua hili akiwa mtoto. Amezaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 30 Agosti 1930, baba yake Howard alikuwa dalali wa hisa na baadaye akawa mbunge. Akiwa na miaka 11 alinunua hisa tatu za kampuni ya Cities Service kwa dola 38 kila moja, na akamnunulia dada yake Doris tatu nyingine. Bei ikashuka mpaka 27. Dada akawa anamkumbusha kila wakienda shule. Ilipopanda tu ikafika 40 dogo akauza haraka akapumua, halafu hisa ikaendelea kupanda yenyewe mpaka 202. Hii hadithi huwa inasimuliwa kama somo la subira, mi naona aliyemuuzisha ni Doris. Alikuwa ameshika hela ya mtu mwingine, na mwenye hela yupo hapo pembeni anauliza kila asubuhi.

Huko utotoni kuna mengi, kusambaza magazeti, kuweka mashine za michezo kwenye vinyozi, hayo nayaruka. Chuo cha biashara cha Harvard walimkataa, akaenda Columbia, New York, kwa sababu huko alikuwa anafundisha Benjamin Graham, na hapa inabidi tukae kidogo.

Graham alikuwa ameumizwa vibaya na lile anguko la soko la mwaka 1929 na miaka iliyofuata, kwa hiyo mafundisho yake yote yana harufu ya mtu aliyewahi kuungua. Alisema hisa usiione kama karata ya kamari, ni kipande cha biashara iliyopo kweli, ina ghala, ina wateja, ina madeni, sasa kaa chini uipigie hesabu ina thamani gani halafu ununue pale tu inapouzwa chini sana ya hapo. Ukiona kitu cha shilingi mia kinauzwa sitini, ile arobaini ni nafasi yako ya kukosea, maana utakosea tu. Halafu akatengeneza mhusika wake anaitwa Bwana Soko. Huyu ni mshirika wako kwenye biashara ambaye kila siku anakugongea mlango na kukutajia bei, leo kaamka na furaha anataja bei ya ajabu, kesho kaamka kapondeka anataka kukuuzia sehemu yake kwa bei ya nyanya zinazooza. Hulazimiki kumjibu. Hapo ndo utamu wa huyu bwana ulipo, ukimpuuza leo kesho atarudi na wala hanuni.

Ila angalia vizuri, Bwana Soko ni rafiki kwa mtu asiye na haraka tu. Ukiwa na deni linaloiva Ijumaa, bei anayotaja Alhamisi ndo hatima yako.

Buffett alifanya kazi kwenye kampuni ya Graham kuanzia 1954 mpaka mzee alipofunga ofisi 1956, akarudi Omaha akaanzisha ushirika wake mdogo, ndugu na marafiki saba wakachanga dola 105,000, yeye mwenyewe akaweka dola 100. Hakuna mshahara. Mkataba uliokuja kuzoeleka ulisema asilimia 6 za kwanza za faida ni za wenye hela, juu ya hapo yeye anachukua robo. Na washirika wake hawakuwa na ruhusa ya kuchomoa hela wanavyojisikia, ilikuwa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Desemba. Yani kijana wa miaka 25 tayari alishaanza kujenga ukuta kati yake na kina Doris.

Kwa namna Graham alivyomfundisha alikuwa anaokota walichokuwa wanaita vishungi vya sigara. Kampuni imechoka, imetupwa barabarani, haina mbele wala nyuma, lakini imebaki na pafu moja la mwisho na bei yake ni bure. Unaivuta hilo pafu unaitupa. Ilimlipa sana kwa sababu hela zilikuwa ndogo. Kati kati hapo akafanya kitu tofauti kidogo. Mwaka 1963 kuna tapeli mmoja wa mafuta ya kula alikopea fedha kwenye matenki ambayo ndani yalikuwa na maji, na aliyekuwa amethibitisha stakabadhi za ghala ni kampuni tanzu ya American Express, hisa za American Express zikaporomoka. Buffett hakukimbilia vitabu vya hesabu, akaenda kukaa kwenye migahawa ya Omaha kuangalia kama watu bado wanalipia kwa hizo kadi na hundi. Wanalipia kama kawaida. Akanunua mzigo mkubwa. Hapo hakuwa ananunua maghala wala mashine, alikuwa ananunua jina ambalo watu bado wanaliamini, na kwa mwanafunzi wa Graham hilo lilikuwa kama kubadili dini kimyakimya.

Sasa tuje kwenye hasira ya senti kumi na mbili na nusu.

Berkshire Hathaway kilikuwa kiwanda cha nguo kule New Bedford, Massachusetts, wanatengeneza zaidi bitana za suti za wanaume. Kishungi kabisa, kila mwaka kinafunga jengo moja. Buffett alianza kuokota hisa zake mwisho wa 1962 kwa dola 7 na nusu hivi, akiwa na mpango rahisi tu, kiwanda kikifunga jengo kinapata hela, kinanunua hisa zake kutoka kwa wenye hisa, na yeye anauza anasepa. Mwaka 1964 bosi wa kiwanda Seabury Stanton akamuuliza utauza kwa bei gani, wakakubaliana kwa mdomo dola 11 na senti 50. Barua rasmi ikaja imeandikwa dola 11 na senti 37 na nusu, yani kapunjwa senti 12 na nusu kwa kila hisa. Mtu mzima mwenye akili angecheka akachukua chake. Yeye akakasirika, badala ya kuuza akanunua, akanunua, Mei 1965 akawa ndo mwenye kauli kwenye kiwanda na Stanton akaondoka. Kwa hiyo kwa sababu ya senti 12 jamaa kajikuta ana kiwanda kinachokufa, na amekihudumia kwa miaka 20 mpaka alipokifunga 1985. Siku ya kuuza mitambo, vitu vilivyonunuliwa zamani kwa jumla ya dola milioni 13 viliingiza kwenye mnada dola 163,122. Kulikuwa na mashine za kufumia walizonunua kwa dola 5,000 kila moja miaka minne tu nyuma, hazikupata mtu hata kwa dola 50, zikaenda kwa bei ya chuma chakavu, dola 26.

Yeye mwenyewe anasema hiyo ndo hisa ya kijinga kuliko zote alizowahi kununua. Namuelewa, lakini hapohapo kuna kitu kilizaliwa. Berkshire ni kampuni, na kampuni siyo ushirika. Kwenye ushirika mwenzako akitaka hela yake unamtolea mfukoni. Kwenye kampuni mwenye hisa akichoka anamuuzia mtu mwingine hisa zake huko sokoni, kampuni yenyewe haitoi hata senti. Bei inaweza kushuka nusu, watu wakalia, wakatukana, na hela ndani ya kampuni imekaa palepale. Mwaka 1969 alipoona soko limepanda kijinga alivunja ule ushirika akarudisha hela za watu, yeye akabaki na hisa zake za Berkshire. Tangu hapo hakuna Doris tena.

Na hela kutoka kwake ikawa ngumu kweli, Berkshire chini ya Buffett imelipa gawio mara moja tu, senti 10 kwa hisa mwaka 1967, na huwa anatania kwamba pengine siku ya kupitisha uamuzi huo alikuwa chooni.

Mwaka huohuo wa 1967 ndo likafanyika jambo ambalo kwenye zile picha za WhatsApp haliwezi kuandikwa kwa sababu halina mvuto. Alinunua kampuni ya bima. National Indemnity ya hapohapo Omaha, dola milioni 8.6, kutoka kwa Jack Ringwalt, jamaa aliyeanzisha bima hiyo 1940 kwa kukatia teksi ambazo wengine walizikataa. Buffett alikuwa anasema Ringwalt anapata hasira ya kutaka kuuza kampuni kama dakika 15 kila mwaka, cha muhimu ni uwe karibu dakika hizo.

Kwa nini bima? Alishaipenda tangu chuoni, aligundua mwalimu wake Graham ni mwenyekiti wa kampuni ya bima ya magari inaitwa GEICO, Jumamosi moja ya Januari 1951 akapanda treni mpaka Washington, akakuta ofisi zimefungwa, akagonga mpaka mhudumu wa jengo akamfungulia, ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, Lorimer Davidson, akakaa naye masaa kama manne akimuuliza bima inafanyaje kazi. Alikuwa na miaka 20. Alichoelezwa pale ndo hiki.

Unalipia bima ya gari Januari. Ajali, kama itatokea, inatokea Agosti. Polisi, makaratasi, wanasheria, madai, fidia inakuja kulipwa mwaka kesho au kesho kutwa yake, na kwa bima nyingine kubwakubwa inaweza kuchukua miaka mingi sana. Muda wote huo hela yako iko wapi? Iko kwa kampuni ya bima na kampuni inaruhusiwa kuiwekeza, faida yake ni ya kampuni. Wenyewe wanaiita floti, hela inayoelea. Sasa utasema si italipwa tu mwisho wa siku? Italipwa ndiyo, ila wakati huyu analipwa fidia, mwingine ameshaingia analipia bima mpya. Ni daladala la saa kumi na moja jioni, kila kituo wanashuka wengine wanapanda, ukichungulia dirishani saa yoyote limejaa. Mwenye gari hana haja ya kumjua abiria hata mmoja. Na kama biashara inakua, gari linazidi kuwa kubwa.

Halafu jiulize huo mkopo una riba kiasi gani, maana kiukweli ni mkopo. Kama kampuni ilikusanya 100, ikalipa fidia na gharama zake 105, ile 5 ndo riba yake. Ikilipa 100 kamili, imekopa bure. Ikilipa 96, hapo inalipwa kwa kukopa. Hebu nenda benki yoyote ukawaambie nipeni mkopo usio na tarehe ya kurudisha na kila mwaka mniongezee asilimia 4 ya asante. Berkshire kwa miaka mingi, siyo yote lakini mingi, imekaa kwenye kundi hilo. Mwaka 1970 hela hii ilikuwa dola milioni 39. Mwisho wa 2024 ilikuwa dola bilioni 171.

Sasa kama ni rahisi hivyo mbona kampuni za bima kote duniani hazijatajirika hivyo? Kwa sababu zinagombania wateja kwa kushusha bei, leo unashusha ili mezani pasiwe patupu, fidia zikija miaka mitatu mbele unakuta ulikopa kwa riba ya kukunyonga. Ugumu wa bima ni kukataa kazi. National Indemnity mwaka 1986 ilikusanya dola milioni 366 za malipo ya bima, baada ya hapo washindani wakaanza kuuza kwa bei ya hasara, na kampuni ikaacha wateja waende. Mwaka 1999 ilikusanya dola milioni 54 na nusu. Fikiria wewe ni meneja, karibu kila mwaka unapeleka kwa bosi ripoti kwamba mauzo yameshuka, kwa miaka 13, na bosi anakwambia endelea hivyohivyo. Wafanyakazi waliahidiwa kwamba hawatapunguzwa kwa sababu ya kazi kupungua, kwa sababu mtu anayeogopa kufukuzwa atakubali kukata bima ya kijinga ili aonekane ana shughuli. Kwangu mimi hiki ndo kisa kikubwa kuliko hisa yoyote aliyonunua, uvumilivu hapa haukuachiwa moyo wa mtu, uliandikwa kwenye masharti ya ajira. Mwaka huohuo wa 1986 alimuajiri Ajit Jain, mzaliwa wa India ambaye hakuwa amewahi kufanya bima, na huyo ndo kajenga upande wa bima za majanga makubwa.

Kuna jambo hapa mashabiki hawalipendi sana. Kwa kuinunua National Indemnity kupitia Berkshire badala ya ushirika wake mwenyewe, Buffett aliwagawia wenye hisa wa zamani wa kiwanda cha nguo, ambao walikuwa na karibu asilimia 39, kipande cha mgodi huo bure. Amekuja kukadiria kwamba kosa hilo limehamisha dola kama bilioni 100 kwenda kwa watu asiowajua. Kwa hiyo hata mfalme wa hesabu alifunga ndoa ya bima na kiwanda cha bitana bila kufikiria sana.

Upande wa pili wa hadithi ni Charlie Munger, mwanasheria, naye kazaliwa Omaha, walikutana 1959. Munger hakuwa na habari na vishungi. Alimwambia mwenzake kwa maneno yake kwamba bora kununua biashara nzuri sana kwa bei ya kawaida kuliko biashara ya kawaida kwa bei nzuri sana. Mwaka 1972 ikatokea See's Candies, maduka ya chokoleti ya California, wauzaji wanataka dola milioni 30, Buffett akagoma kuvuka 25, na anakiri kwamba angekosa dili la maisha kwa ajili ya milioni 5 kama wale wangekaza. Wakalegeza.

Hebu weka chokoleti na bitana mezani kwa pamoja. Kiwanda cha nguo kikinunua mashine mpya ya kupunguza gharama, na jirani ananunua hiyohiyo, wote mnashusha bei, faida yote inaenda kwa mshona suti. Hakuna mtu anamuuliza fundi bitana hii imefumwa na nani. Lakini kijana wa California anayempelekea mchumba boksi la chokoleti sikukuu ya wapendanao hawezi kusema nimekuletea za bei nafuu. Kwa hiyo kila mwaka See's ilipandisha bei kidogo na watu wakaendelea kununua. Kati ya 1972 na 2007 biashara hiyo ilihitaji kuongezewa dola milioni 32 tu za mtaji, na katika muda huo iliingiza dola bilioni 1.35 kabla ya kodi. Wamarekani hao wawili hiyo hali wanaifananisha na handaki la maji kuzunguka ngome, adui anaona dhahabu yako ila hawezi kuvuka. Na zile hela za See's hazikubaki California, zilipanda kwenda Omaha kununua vitu vingine, yani kiwanda cha chokoleti kikawa bomba la pili baada ya bima. Bila See's pengine asingeielewa Coca-Cola, ambayo alianza kuinunua 1988, kufikia 1994 ametumia dola bilioni 1.3 kwa jumla. Mwaka huo wa 1994 gawio lilikuwa dola milioni 75. Mwaka 2022 lilikuwa dola milioni 704. Hela iliyorudi kwa mwaka mmoja ni zaidi ya nusu ya alichonunulia, na hisa bado anazo.

Ndo sasa unaweza kuelewa maumivu aliyopitia bila kuuza. Hisa ya Berkshire imeshaporomoka kwa kutisha mara nne: asilimia 59 kati ya 1973 na mwanzo wa 1975, asilimia 37 mwaka 1987, asilimia 49 kati ya 1998 na 2000, asilimia 51 kati ya 2008 na 2009. Ile ya tatu iliuma kwa namna yake kwa sababu wenzake walikuwa wanatajirika na kampuni za intaneti, mwaka 1999 soko lilipanda asilimia 21 na Berkshire ikashuka karibu asilimia 20, magazeti yakaanza kuuliza kama mzee kaishiwa. Mtu anayesimamia hela za watu kwa mkataba wa kawaida angekuwa ameshachomolewa zote ifikapo Machi 2000, siku chache kabla hajathibitika kuwa sahihi. Yeye hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kumchomoa. Alikuwa hana deni la maana, na bima ilikuwa inaendelea kuleta. Septemba 2008 benki za Wall Street zinapumulia mashine, Goldman Sachs ikaenda Omaha kuomba dola bilioni 5, ikakubali kumlipa asilimia 10 kwa mwaka na haki ya kununua hisa kwa bei waliyopatana. Watu wanasema alikuwa jasiri wakati wengine wanaogopa. Sawa, ila na mimi ningekuwa jasiri ningekuwa na bilioni 5 ambazo hamna mtu ananidai.

Simaanishi kwamba ni bahati tu. Wenye kampuni za bima walikuwa wengi na floti walikuwa nayo wote, wengi waliinunulia hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni kwa riba) wakalala, au waliifuja. Na kukosea kakosea sana tu. Mwaka 1993 alinunua kampuni ya viatu ya Dexter kwa dola milioni 433, viatu vya bei rahisi kutoka nje vikaimaliza, na kibaya zaidi alilipa kwa hisa za Berkshire badala ya taslimu, yani alimpa mtu kipande cha daladala linalotembea akapewa ganda la viatu. Na habari ya kushika hisa milele msiichukue kama aya. Mwaka 2020 aliuza hisa zake zote za ndege kwa hasara, 2024 akauza karibu theluthi mbili ya Apple iliyokuwa imemtajirisha. Coca-Cola kwenye ile miaka ya bei za kichaa alikiri baadaye kwamba alipaswa kuuza na hakuuza. Anachoshika milele ni kampuni alizonunua nzimanzima kama See's, na hata hilo linahusu zaidi ahadi aliyowapa wauzaji kuliko hesabu.

Kuna dau moja aliweka naipenda sana. Kuanzia 2008 alibishana na kampuni moja ya New York, Protégé Partners, kwamba kwa miaka 10 mfuko wa kawaida kabisa unaonunua zile kampuni 500 zote bila kuchagua utaishinda mifuko mitano iliyokusanya mabingwa wa kuchagua, wale wanaotoza ada za kutisha. Hela ya ushindi iende kwa wahitaji. Mwisho wa 2017 mfuko wa kawaida ulikuwa umepanda asilimia 125.8, bora kati ya ile mitano asilimia 87.7, wa mwisho kabisa asilimia 2.8, kwa miaka kumi. Fedha zikaenda kwa shirika la wasichana la Omaha. Mabingwa walikuwa na akili, hilo halina ubishi, ila kila mwaka ada zilikuwa zinakula, na hesabu ya faida juu ya faida inafanya kazi kwa ada pia, ila kwa kurudi nyuma.

Munger alifariki Novemba 2023, mwezi mmoja na siku chache kabla hajatimiza miaka 100. Buffett alitangaza kwenye mkutano wa Mei 2025 kwamba anaachia ukurugenzi mwisho wa mwaka, na Januari 2026 Greg Abel akakalia kiti, akakuta kampuni ambayo mwisho wa 2024 ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 330 taslimu na dhamana fupi za serikali. Tutaona.

Ila kabla ya hayo yote, kwenye barua yake ya mwaka kwa wenye hisa iliyotoka 2014, Buffett alieleza maagizo aliyomwachia msimamizi wa hela atakazorithi mke wake. Hakuandika mtafutie hisa nzuri, wala mtafutie kampuni ya bima. Aliandika asilimia 10 iwekwe kwenye hatifungani fupi za serikali, na asilimia 90 kwenye mfuko wa bei nafuu wa kampuni 500, uleule wa kwenye dau.